Kumpiga Mgongoni Si Mkakati

Mpwa wangu ana miaka 14 na ana Nintendo DS, mashine ya gemu ya mkononi, iliyochubuka pembe, ya mtumba, ambayo haiachi mkononi hata akiitwa kula. Wiki mbili hizi amezama kwenye Final Fantasy Tactics A2. Gemu hiyo ilitoka Japani Oktoba 2007 na nchi nyingine mwaka uliofuata, lakini kwake ni mpya kabisa, maana ile ya kwanza aliimaliza mwezi uliopita. Jumamosi alinijia kibarazani, akaamkia haraka haraka, akanisogezea skrini hadi puani.

"Mjomba, tazama mkakati wangu."

Nikatazama. Mkakati wenyewe ulikuwa kumzungusha mpiga upinde wake visanduku vitatu, akasimama nyuma ya adui, akamchapa mgongoni. Nikamwambia, hongera, lakini hiyo ni mbinu. Akanijibu kwamba ni kitu kimoja.

Hilo la "kitu kimoja" ndilo lililonikalisha niandike. Si kosa la mtoto. Kiongozi akisimama jukwaani ataahidi "mbinu na mikakati", maneno mawili yaliyofungwa kamba moja kama mbuzi wanaopelekwa mnadani, na hakuna anayeuliza yupi ni yupi. Ofisini kuna mkakati wa chai ya saa nne. Redioni mtangazaji wa mpira anasema kocha "amebadili mkakati" kwa kuwa kamtoa winga kaingiza beki dakika ya 80. Sasa limefika mpaka kwenye gemu, na huko ndiko linakonichoma zaidi, kwa sababu huko tofauti yake inaonekana kwa macho.

Maana nitaisema upesi. Mkakati ni kuamua pambano lipi upigane na lipi uliache, kwa lengo gani, na kwa mali na watu gani. Mbinu ni namna ya kulishinda pambano hilo moja ukishaingia. Carl von Clausewitz, mwanajeshi wa Prussia aliyekufa mwaka 1831, aliligawa jambo hivyo hivyo: mbinu hutumia majeshi ndani ya mapigano, mkakati huyatumia mapigano yenyewe kufikia shabaha ya vita. Wanajeshi na wasomi wamebishana naye kwa mengi, ila mgawanyo huo bado unafundishwa.

Asili ya maneno inasaidia zaidi kuliko maana. Wagiriki wa kale walikuwa na neno stratos, yaani jeshi, na agein, kuongoza. Wakayaunga wakapata strategos, kiongozi wa jeshi, na humo ndimo lilimotoka strateji, neno la Kizungu la mkakati. Athens ilikuwa ikichagua watu 10 wa cheo hicho kila mwaka, na Perikles alikishika mwaka hadi mwaka kwa muda mrefu. Kazi yake haikuwa kupanga mikuki tu. Vita na Sparta vilipoanza mwaka 431 kabla ya Kristo, uamuzi wake mkubwa ulikuwa watu wa mashambani waingie ndani ya kuta za mji, mashamba yaachwe yachomwe, na nguvu ziwekwe baharini. Hakuna mkuki uliorushwa katika uamuzi huo. Huo ndio mkakati, na ukitaka kuona unavyoweza kuleta balaa lisilohesabiwa, tauni iliwakuta wale watu wamebanana humo humo ndani ya kuta, na Perikles mwenyewe akafa mwaka 429.

Taktiki, neno la Kizungu la mbinu, inatoka kwingine kabisa. Kitenzi chake ni tassein, kupanga, kuweka kila kitu mahali pake. Taktike ilikuwa sanaa ya kupanga askari safu kwa safu: huyu mbele, yule ubavuni, farasi kule pembeni. Neno hilo linahusu kiwanja, hatua na miguu ya watu, na mtu akilitamka unaona mistari ardhini. Sasa iangalie skrini ya mpwa wangu: uwanja umegawanywa visanduku, kila mhusika kasimama kwenye kimoja, kila mmoja ana upande anaoutazama, na ukimjia kwa nyuma pigo lako lina nafasi kubwa zaidi ya kumpata. Tassein mtupu.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulikosa. Watu hudhani mkakati ndilo neno la kale na la heshima, na mbinu ni mdogo wake. Katika lugha za Ulaya mambo ni kinyume. Taktiki ilikuwa ikitumika huko muda mrefu kabla ya strateji. Hii ya pili ilirudi mwaka 1771, Mfaransa Joly de Maizeroy alipotafsiri maandiko ya kijeshi ya mfalme Leo wa Bizanti, akahitaji neno la kile kilicho juu ya upangaji wa safu, akalichukua kutoka humo humo kwenye Kigiriki. Kwa hiyo tangu lilipoingia Ulaya, lilichukuliwa ili kutenganisha vitu hivi viwili. Kulitumia kuvichanganya ni kama kununua kisu halafu ukakigeuza kijiko.

Nije kwenye gemu zenyewe, maana hapa kuna kisa cha kuchekesha. Aina hii ya michezo wenyewe Wajapani hawaiiti ya mkakati wala ya mbinu. Wanasema shimyureshon RPG: shimyureshon ni kuigiza hali halisi, na RPG ni gemu ambayo mchezaji huvaa nafasi ya mhusika. Fire Emblem ya kwanza, iliyotoka mwaka 1990 kwenye Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo, inawekwa kwenye fungu hilo. Waliofupisha wakaandika SRPG. Herufi ile S ilipovuka bahari na kufika kwa wasemaji wa Kiingereza, wengi wao wakaisoma kuwa strateji, ikakaa hivyo. Sisi tuliipokea kutoka kwao, tukaitafsiri kwa neno lililokuwa karibu. Mkakati wa mpwa wangu, basi, umezaliwa na herufi moja iliyosomwa vibaya njiani.

Na si kwamba Wajapani hawana maneno. Wana senryaku kwa mkakati na senjutsu kwa mbinu. Yote yanaanza na sen, vita. Jutsu ya mwisho ni ile ile ya jujutsu na ninjutsu: ufundi, ujuzi wa kutenda kwa mwili na mkono. Yeyote aliyewahi kutazama kanda za ninja utotoni ameshalijua nusu ya somo hili bila kujua.

Kinachonimaliza ni kwamba jina la gemu linajieleza lenyewe juu ya kasha: Tactics. Mwaka 1995 Tactics Ogre, mwaka 1997 Final Fantasy Tactics kwenye PlayStation, mwaka 2003 Final Fantasy Tactics Advance kwenye Game Boy Advance, kisha hii A2. (Hiyo A ni ya Advance, jina la mashine ya zamani, ingawa A2 inachezwa kwenye DS. Imebaki tu, kama duka linaloitwa kwa jina la Mhindi aliyeliuza miaka 30 iliyopita.) Neno lipo pale kwa herufi kubwa, na mtoto analisoma kila akiwasha, halafu anakuja kuniambia mkakati.

Lakini nisimwonee. Mkakati umo ndani ya A2, ila hauko pale anapouonyesha. Uko nje ya uwanja.

Chukua silaha. Katika gemu hii mhusika hujifunza ujuzi kutoka kwenye silaha au vazi alilolivaa. Akilivaa vya kutosha kwa kazi kadhaa, ujuzi unakuwa wake hata akilivua. Kwa hiyo upanga dhaifu wenye ujuzi adimu unaweza kuwa bora kuliko upanga mkali unaofundisha kitu anachokijua tayari. Ukimwacha na ule dhaifu, leo anapata tabu, baadaye anakuwa tishio. Chukua pia soko: unampelekea muuzaji malighafi ulizookota vitani, manyoya, mawe, mifupa, naye anakufungulia bidhaa mpya za kununua. Malighafi ukiitoa imekwenda. Uitoe kwa upinde unaoutaka sasa, au uishikilie? Kisha mnada, ambako vikosi vinagombea maeneo ya ramani ya Ivalice, dunia ya kubuni ya gemu hiyo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mtu asimame kwenye kisanduku, na yote yanaamua ni nani atasimama na akiwa na nini.

Sheria za uwanjani zinaonyesha mpaka vizuri zaidi. Kwenye ile ya 2003 ukivunja sheria ya pambano, hakimu alikuwa akikupa kadi ya njano au nyekundu kama mpirani, na nyekundu ilimpeleka mtu wako gerezani. A2 imeondoa jela. Kabla ya kuingia unachagua fadhila moja kwa kikosi chako, na ukivunja sheria unaipoteza, na pambano lile huwezi tena kumwinua aliyeanguka. Fikiria sasa sheria inakataza moto. Kuikwepa kwa kutumia barafu ni mbinu. Kuwa na mchawi ambaye tangu mwezi jana ulihakikisha anajua zaidi ya moto ni mkakati. Na kwa kuwa kwenye A2 nguvu ya uchawi huanzia sifuri kila pambano, ikaongezeka 10 kila zamu, uchawi mzito hauji mapema. Mchezaji wa mbinu anahesabu zamu. Mchezaji wa mkakati alishaamua zamani kama kikosi chake kitategemea wachawi au la.

Wanaocheza bao wanalijua hili hata bila majina. Unaanza bao la Kiswahili ukiwa na kete 22 mkononi na 6 kwenye nyumba, lile shimo kuu la upande wako. Unaponamua, yaani unapoingiza kete za mkononi moja moja, jicho lako liko kwenye kipi kinalika sasa, na kula huko ni mbinu. Lakini mzee aliyekaa kimya ng'ambo ya ubao anafikiria nyumba: aitunze mpaka mtaji, yaani kete za mkononi zikiisha, au aitawanye mapema? Jambo hilo moja linatawala kila atakachokula na atakachokiacha. Wageni huona mikono inavyokimbia, wakasifu mikono.

Upo mchezo mmoja wa aina hii uliojiita Strategy waziwazi, Triangle Strategy wa mwaka 2022, na kwa sehemu umestahili. Njia ya hadithi huamuliwa kwa kura, nawe kabla ya kura unazunguka kuwashawishi wenzako. Ukishindwa kuwashawishi, unakwenda vitani kwa njia usiyoitaka, na visanduku havikusaidii.

Niliyasema haya kibarazani kwa ufupi zaidi, maana chai ilikuwa inapoa na DS inaishiwa chaji. Nilimwambia akimpiga mtu mgongoni aseme mbinu, na atakapokataa kazi yenye zawadi nono kwa sababu watu wake bado hawajamaliza kujifunza, hapo aje aniite nione mkakati. Akatikisa kichwa kama watoto wanavyotikisa wakitaka uwaachie.

Jumatano alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa na malighafi adimu, muuzaji anaitaka, naye kaikatalia. Anaitunza mpaka akamilishe seti ya kitu kingine. "Umeona mjomba? Hiyo ndiyo mbinu yangu."

Nikamjibu: hapo, mwanangu, ungesema mkakati.