Feni ya radoni kuzunguka si ushahidi kwamba nyumba ni salama

Ukinunua nyumba Iowa, jimbo la Marekani ambalo kaunti zake zote zimo katika kundi la hatari kubwa zaidi ya radoni, gesi ya mionzi isiyoonekana inayoweza kuleta saratani ya mapafu, huenda dalali akakuonyesha bomba linalotoka chini ya sakafu hadi juu ya paa na kukwambia tatizo hilo limeshamalizwa. Halijamalizwa.

Urani iliyo ardhini huzalisha gesi hiyo usiku na mchana. Feni iliyofungwa kwenye bomba hilo huivuta tu kutoka chini ya zege la sakafu kabla haijapenya ndani. Bomba la plastiki litadumu miongo. Feni ni mota, na mota huchoka, nyingi baada ya miaka 10 hivi. Zege nalo hupata nyufa mpya.

Kinachodanganya zaidi ni kile kimrija cha umbo la U chenye kimiminika cha rangi, kilichofungwa kwenye bomba. Kimiminika kikilingana pande zote mbili, feni haivuti. Zikitofautiana, inavuta, basi. Kimrija hicho hakipimi radoni hata kidogo. Anayejibu swali ni kipimo cha hewa ya ndani, na shirika la mazingira la Marekani, EPA, linashauri kirudiwe kila baada ya miaka 2. Kikifika pikokuri 4 (kizio cha mionzi) kwa lita ya hewa, ita fundi.