Gumegume la babu: uanze na baruti kiasi gani?

Babu mmoja wa Magu aliniletea karakanani hapa Kirumba bunduki ya gumegume aliyorithi, ile inayoshindiliwa baruti kupitia mdomoni na kuwashwa kwa cheche za jiwe, leseni mkononi. Nilipomwamkia tu akauliza: "Mwanangu, hii inakula baruti kiasi gani?" Nikamwomba kwanza tuiangalie kasiba, yaani mtutu.

Nilitumbukiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka ukagota, nikatia alama ya chaki mdomoni, nikautoa na kuulaza nje ya kasiba. Ncha yake ilikomea vidole vinne kabla ya tundu la kupitishia moto. Babu akanyamaza. Bunduki ilikuwa imeshindiliwa, na imening'inia ukutani hivyo kwa miaka asiyoikumbuka, wajukuu wakipita chini yake. Tulimimina maji kwenye tundu, tukaiacha ilowe, kisha nikavuta mzigo kwa skrubu ya mdeki. Kwa hiyo usitaje gramu hata moja kabla hujaingiza mdeki. Na kama kasiba ni bomba la maji lililochomelewa, au ina kutu iliyochimba, au imevimba mahali, isipigwe kabisa. Hakuna kipimo kidogo kinachoifaa.

Ya babu ilikuwa nzima, kasiba laini isiyochongwa mistari ndani, upana wa milimita 15.6. Hiyo ndiyo geji 20: ratili moja ya madini ya risasi hutoa gololi 20 za kuijaza. Kwa gololi moja mimi naanza na greni 50 za baruti nyeusi, sawa na gramu 3.2. Kwa kasiba ya milimita 19 naanza na gramu 4 hivi. Naongeza greni 5 tu kila mara, tena baada ya kupiga risasi kadhaa kwenye shabaha ileile. Kitambaa cha kuizungushia gololi, mafuta yake na gololi yenyewe sivibadilishi, maana ukibadili mawili kwa mpigo hutajua lipi limekusaidia. Nikiona shabaha inaanza kutawanyika, narudi nyuma. Kwa marisau, yaani vipunje vya risasi badala ya gololi moja, kipimo kilekile cha baruti ndicho kipimo cha marisau, kwa ujazo, si kwa uzito.

Wengine hunionyesha kipimo cha askari wa Uingereza wa karne ya 18: gramu 10 na zaidi. Lakini askari yule alirarua karatasi iliyofungiwa baruti na gololi, akatia sehemu ya baruti ileile kwenye kisahani cha kuwashia. Gololi yake ilikuwa ya milimita 17.5 ndani ya kasiba ya milimita 19, ili iteremke upesi hata kasiba ikijaa masizi, na moto mwingi ulipenya pembeni. Wewe ukiibana gololi kwa kitambaa, moto huo hauna pa kutorokea. Kiasi kile si chako.

Na baruti isiyo na moshi, iliyogunduliwa Ufaransa mwaka 1884, usiitie humu hata punje. Presha yake hupasua kasiba hizi, na anayeumia ni mkono wa kushoto na uso. Nimeshaletewa kasiba iliyofunguka kama ganda la ndizi. Mwenyewe alikuwa amefungua risasi za bunduki ya kisasa.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Kanga iliyochakaa inafaa sana, ila ya nailoni huyeyuka na kuganda ndani. Mimi hupaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe. Huku ziwani kuna jambo jingine: masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na asubuhi yenye ukungu baruti ya kisahani hugeuka tope jeusi. Ifute, uweke nyingine. Usidanganyike kuongeza baruti ya ndani kwa sababu bunduki imechelewa kuwaka. Tatizo liko nje, kwenye jiwe na kisahani.

Tulipiga mara ya kwanza bunduki ikiwa imefungwa kwenye tairi, kamba ndefu, sisi nyuma ya mwamba. Kisha nikampa babu kisu, akachonga mistari miwili kwenye mdeki: wa kwanza, kasiba ikiwa tupu, wa pili, gololi ikiwa imekaa juu ya baruti bila nafasi katikati. Aliichonga polepole, akiipima kwa kidole gumba.