Snapdragoni: mbegu usiifukie, maji usimwage juu

Meseji ninayopata sana ni hii, eti mbegu za ua la snapdragoni ni feki, zimegoma kuota. Mara nyingi mbegu ni nzima kabisa, shida umezifukia. Mbegu yenyewe ni kama vumbi, gramu moja inabeba zaidi ya 5,000, na inataka mwanga ndo iote, sasa wewe umeifukia kama maharage unategemea nini? Chekecha mboji na mchanga, jaza trei, lowesha kwanza, halafu changanya mbegu na kamchanga kakavu unyunyize juu, gandamiza na kiganja, basi. Funika na nailoni inayopitisha mwanga, usiweke kwenye jua kali. Siku 7 hadi 14 utaona ukijani, na hapo hapo toa nailoni maana kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga, kikiingia kinalaza trei nzima.

Mche ukifikisha jozi 3 au 4 za majani kata ncha. Najua roho inauma, ila usipokata unapata shina moja refu ambalo upepo ukija limelala, ukikata yanatoka machipukizi pembeni na kila moja linakuja na ua lake. Zile aina ndefu ziachanishe sentimita 25 hivi hewa ipite.

Hewa naisisitiza kwa sababu ya ugonjwa wa kutu. Geuza jani uangalie chini yake, ukikuta vidoti vya kahawia na ukipitisha kidole unabaki na unga wa rangi hiyo, ni fangasi huyo, na anayemkaribisha ni wewe unayemwagia na keni juu ya majani jioni yakalala mabichi. Mwagilia asubuhi, kwenye shina. Mmea ulioshambuliwa sana ng'oa uchome, kwenye mboji usiupeleke kabisa, na msimu ujao panda kwingine.

Watu wa Lushoto, Njombe na Limuru mnabahatika, hili ua linapenda baridi. Wa Dar lengeni kipupwe, na kutoka kusia mpaka ua ni kama miezi 3 au 4, kwahiyo ukianza Juni umeshachelewa, sia mwishoni mwa Machi kwenye kibaraza kisichonyeshewa.

Maua yakinyauka kata shina la ua usisubiri vitumba vya mbegu, litatoa mengine. Na kama pakiti imeandikwa F1, yaani mbegu chotara, usihangaike kuhifadhi mbegu, rangi zitakuja mchanganyiko usioutegemea.