Kwa nini bega la mwanamichezo wa kiti cha magurudumu huuma, na ekseli, kile chuma cha katikati ambacho gurudumu huzungukia, inahusikaje?

Mchezaji wa kandanda akiumia goti, hutolewa uwanjani akapumzika. Mchezaji wa mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu akiumia bega, bega hilohilo ndilo litakalomtoa ukumbini Nyayo jijini Nairobi, limfikishe steji, limpandishe matatu, limshushe, limhamishie kitandani, na usiku limsaidie kujigeuza. Kiungo kinachouma ndicho kinachoendelea kubeba kazi yote. Miongoni mwa watu wenye jeraha la uti wa mgongo wanaojisukuma kwa mikono, tafiti nyingi hukuta kati ya theluthi moja na theluthi mbili wakilalamikia maumivu ya bega.

Watu wengi hukimbilia kuulaumu mchezo. Hapo wanakosea. Baadhi ya tafiti zilizowalinganisha wanamichezo na wenzao wasiocheza zimekuta wanamichezo ndio wenye nafuu, pengine kwa sababu misuli yao ni imara zaidi. Mchezo huongeza mzigo, ndiyo, lakini mzigo mkubwa zaidi hutoka kwenye maelfu ya misukumo ya kila siku, katika kiti ambacho mara nyingi hakikupimwa kulingana na mwili wa anayekikalia.

Tuanze na kiungo chenyewe. Nyonga imekaa kama mchi ndani ya kinu: kichwa cha mfupa wa paja kimezama katika shimo refu, na ndiyo maana nyonga hubeba mwili mzima bila shida. Bega ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha chai. Kisahani hicho ni sehemu ndogo ya kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni, na chungwa ni kichwa cha mfupa wa mkono wa juu. Muundo huo ndio unaotuwezesha kuchuma embe mtini na kujikuna mgongo. Haukukusudiwa kubeba mwili siku nzima.

Kinachozuia chungwa lisidondoke ni misuli minne midogo inayolizingira na kulivuta lishikamane na kisahani. Juu ya chungwa kuna paa la mfupa, na kati ya paa na chungwa kuna mwanya wa takriban sentimita 1. Katika mwanya huo hupita kano ya mmojawapo wa misuli hiyo minne, pamoja na kifuko chembamba cha ute kinachopunguza msuguano.

Sasa fikiria mkono ukikandamiza ringi, lile duara la bomba jembamba lililofungwa ubavuni mwa gurudumu. Mkono unasukuma ringi, na ringi inarudisha nguvu hiyohiyo kupitia kiwiko hadi begani, ikilipandisha chungwa kuelekea paa. Misuli midogo ikiwa na nguvu, hulivuta chini na mwanya hubaki wazi. Ikichoka, chungwa hupanda na kano hubanwa. Kubanwa mara moja si kitu. Lakini mtu anayekwenda mwendo wa mita 1 kwa sekunde akisukuma mara moja kila sekunde, katika kilomita 2 atakuwa amesukuma mara 2,000.

Hayo ni kwenye tambarare. Mlimani hesabu hubadilika. Chukua mchezaji wa kilo 70 katika kiti cha kilo 15, jumla kilo 85. Kwenye njia ya mteremko yenye kipimo kinachokubalika cha 1 kwa 12, yaani inayopanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele, uzito unaomrudisha nyuma ni 85 gawanya kwa 12, karibu kilo 7. Lakini mikono hushika ringi kwa karibu nusu ya muda tu. Nusu nyingine inarudi kushika upya. Kwa hiyo kila inaposhika lazima isukume maradufu: kilo 14, yaani kilo 7 kwa kila mkono, kila msukumo, na hapo hatujaongeza ugumu wa barabara yenyewe. Njia nyingi za madaraja na milango ya majengo jijini ni kali kuliko kipimo hicho. Halafu kuna ukingo wa barabara ulioinama kuelekea mtaroni: kiti kinataka kuteremkia mtaro, na mkono wa upande wa mtaro ndio unaofanya kazi karibu yote ya kukinyoosha. Anayepita njia moja kwenda na kurudi angalau hubadilisha mkono. Anayerudi kwa matatu hana bahati hiyo.

Jambo la pili ni uwiano wa misuli. Kusukuma hujenga kifua na sehemu ya mbele ya bega. Misuli ya nyuma, inayovuta makombe ya mabega yakaribiane na kuuzungusha mkono kwenda nje, hupata kazi nyepesi tu wakati mkono unarudi. Baada ya miaka kadhaa mabega huvutwa mbele, mgongo hupinda, kombe la bega huinama, na paa la mfupa hushuka juu ya kano. Kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo lililo juu kifuani ni vigumu zaidi, maana misuli ya tumbo haimshikilii wima. Na aliyepata polio utotoni huenda misuli ya bega nayo iliguswa, hata kama mkono unaonekana mzima.

Namna ya kusukuma ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mtazame mtu kutoka upande wake wa kulia, ulichukulie gurudumu kama uso wa saa, 12 ikiwa juu. Msukumo mzuri huanzia karibu na namba 11, nyuma kidogo ya nyonga, na kuachia karibu na namba 2 au 3. Kisha mkono huanguka chini ya ringi, ukarudi nyuma kwa chini kama bembea, ukapanda tena kushika. Kosa linaloonekana kila mahali ni kuanzia namba 12, kuachia namba 1, na kurudisha mkono juujuu ya ringi huku kiwiko kimetanuka. Misukumo hiyo mifupi humlazimisha mtu kusukuma mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na mkono hauteremki kupumzika. Mlimani tu ndiko ufupi unakubalika, kwa sababu ukichelewa kurudi kushika, kiti kinaanza kurudi nyuma.

Lakini msukumo mzuri hauwezekani katika kiti kibaya, na hapa ndipo ekseli inapoingia. Ekseli ikiwa nyuma sana, mkono haufiki namba 11 bila bega kuvutwa nyuma kwa nguvu, na uzito wa mwili hulalia magurudumu madogo ya mbele, ambayo hukwama kwenye kila jiwe la murram na kila mwanya wa matofali ya kabro. Ekseli ikisogezwa mbele, uzito huhamia magurudumu makubwa na kiti huwa chepesi papo hapo.

Vipimo viwili vinatosha kuanzia, mchezaji akiwa amekaa na mto wake na breki zimefungwa. Kwanza, aache mikono ining'inie: ncha ya kidole cha kati iguse katikati ya ekseli. Pili, aweke kiganja juu kabisa ya ringi: kiwiko kiwe na pembe ya digrii 100 hadi 120. Kona ya daftari ni digrii 90, kwa hiyo kiwiko kikunjuke kidogo kupita kona hiyo. Pembe ikiwa ndogo zaidi, kiti kiko chini mno, na mabega yatapandishwa kila msukumo. Ikizidi 120, kiti kiko juu mno, na mkono utafikia kipande kifupi tu cha ringi. Mara nyingine kubadilisha unene wa mto kunatosha.

Kwenye kiti chenye sahani ya matundu, yaani bamba la chuma linaloshikilia ekseli, sogeza ekseli mbele tundu moja tu kwa mara moja, pande zote mbili, kisha pima kwa utepe kutoka fremu hadi ekseli kuhakikisha kushoto na kulia ni sawa. Breki lazima zisogezwe pia. Gurudumu likienda mbele, breki ya zamani haikamati tena sawasawa. Ukibadilisha kimo cha ekseli, hakikisha mhimili wa gurudumu dogo la mbele bado umesimama wima, la sivyo gurudumu litatetemeka. Na kila tundu jipya lijaribiwe mtu akiwa amesimama nyuma, kwa sababu kiti chenye ekseli ya mbele ni rahisi kupinduka chali, hasa mlimani. Zoea siku kadhaa kabla ya tundu linalofuata.

Kiti cha kukunja cha aina ya hospitali hakina matundu hayo. Ekseli yake imefungwa chini ya mgongo au nyuma yake, na hakuna mazoezi yatakayoifidia. Warsha ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya, pale Westlands imezoea kutengeneza viti na kuviweka sawa na mtu. Fundi wa jua kali Kamukunji anaweza kuchomelea sahani ya matundu, ila matundu ya pande mbili yakipishana hata milimita chache, kiti kitavuta upande mmoja na bega moja ndilo litakalolipa.

Magurudumu kutoelekea njia moja ni ugonjwa wa kawaida wa viti vya michezo. Magurudumu ya kiti cha mpira wa kikapu huinamishwa digrii 15 hadi 20, juu yamekaribiana na chini yamepanuka, ili kiti kigeuke haraka na kisipinduke. Ekseli ikizunguka kidogo ndani ya bomba lake, magurudumu huacha kuelekea njia moja: mbele yamefunga na nyuma yamefunguka, au kinyume chake. Pima umbali kati ya magurudumu mawili, kwa mbele na kwa nyuma, kwenye kimo cha ekseli. Vipimo visipolingana, mchezaji anasukuma breki asiyoiona.

Upepo wa tairi ni jambo jepesi linalopuuzwa. Kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi lililobaki na nusu ya upepo wake linaweza kuongeza nguvu anayotumia mtu kwa takriban robo. Kwa hofu ya pancha wengi hununua tairi zisizo na tyubu wala upepo. Hazitoboki, ila kwa kawaida ni nzito kusukuma, na bega linalipa kila siku ili kuepuka pancha ya mara mojamoja.

Mbio ni hadithi nyingine. Katika kitengo cha kilomita 21 cha viti kwenye Nairobi Marathon, mkimbiaji wa kiti cha mbio hashiki ringi, huipiga ngumi akiwa na glavu ngumu. Ringi yake ni ndogo sana kuliko ya kiti cha kawaida, na mwili umeinama juu yake. Mkono unaporushwa nyuma, kiwiko hupanda juu ya mgongo huku bega limezungushwa ndani, na hapo sehemu ya mbele ya bega huvutwa sana. Mpira wa kikapu una adhabu yake: pete iko mita 3.05 kutoka sakafuni, sawa na ya wanaocheza wamesimama, kwa hiyo kila mtupo ni wa juu ya kichwa.

Nje ya uwanja, kinachoumiza kuliko kusukuma ni kujiinua kwa mikono. Wanaojiinua kwenye kiti ili kulinda ngozi ya makalio wanaweza badala yake kuinama mbele, kifua kuelekea mapajani, kwa dakika 2. Damu hufika kwenye ngozi vilevile, na bega linapumzika. Unapohamia kitandani au kwenye gari, tafuta kimo kilekile au cha chini kidogo, mkono usitegemezwe juu ya usawa wa bega, na ubadilishe mkono unaotangulia.

Mazoezi yanayofaa ni ya kuvuta. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli cha mita moja na nusu, ukifunge kwenye nguzo kwa kimo cha kiwiko. Kiwiko kikae ubavuni kimebana taulo iliyokunjwa, kisha zungusha mkono kwenda nje polepole na urudi polepole. Zoezi la pili, vuta tyubu kwa mikono yote kama anayepiga makasia, makombe ya mabega yakutane. Seti 3 za mara 15, siku 3 kwa wiki, pamoja na kunyoosha kifua. Mpango wa nyumbani wa wiki 12 wa aina hii, pamoja na mafunzo ya kujihamisha na kusukuma, ulijaribiwa Marekani kwa watu wenye miguu iliyopooza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha maumivu yakipungua sana.

Uchovu wa misuli huisha baada ya siku moja au mbili. Maumivu yanayokuja mkono unapopita usawa wa bega ukiinuliwa pembeni, au yanayokuamsha ukilalia upande huo, ni dalili ya kano inayobanwa. Mkono ulioishiwa nguvu ghafla usioinuka wenyewe huenda kano imechanika, na hilo halingojwi wiki ijayo. Unapokwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, nenda na kiti unachokitumia kila siku, si kile cha mashindano tu, na umwombe akutazame ukisukuma kutoka ubavuni kabla hajagusa bega.