Kwa nini aliyefurikiwa na maji tunamwambia "amejitakia"?

Masika yakikolea, Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam hufungwa pale Jangwani, na daladala ikinasa kwenye foleni kesi huanza kusikilizwa humo humo. Juzi konda alisema maji ya Mto Msimbazi yameingia nyumba za bondeni hadi madirishani. Mama mmoja akaguna: "Si waliambiwa wahame? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole." Gari zima likaitikia. Na mimi nikiwamo.

Mwaka 1966, wanasaikolojia wa Marekani Melvin Lerner na Carolyn Simmons waliwaonyesha wanafunzi wa kike mwenzao akipigwa shoti ya umeme kila akikosea. Alikuwa anaigiza, ila wao hawakujua. Waliopewa nafasi ya kumwokoa, wengi walimwokoa. Waliobaki kutazama tu wakaanza kumshusha thamani. Na ajabu yenyewe hii: alipoonekana amekubali mateso kwa faida ya wenzake, ndipo aliposhushwa kupita kiasi.

Lerner alisema tunataka kuamini dunia humlipa kila mtu anachostahili. Kama yule kapatwa bila kosa, basi kesho ni zamu yangu, na kwa wazo hilo usingizi hauji. Afadhali awe na kosa.

Kosa lenyewe hatulichunguzi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waathirika wakapewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Wapo waliorudi bondeni. Lakini kutoka Jangwani unaenda kibaruani Kariakoo kwa miguu. Kutoka Mabwepande ni nauli, kwenda na kurudi, kila siku.

Halafu maji hayo yanatoka wapi? Mengine kwangu, Tabata. Uwanja wetu ulikuwa na ukoka, nikachoka tope nikamwaga pevingi, yale matofali ya kutandika chini, ukuta hadi ukuta. Zamani mvua ilizama mchangani, mizizi ikaivuta. Sasa inateleza hadi getini, inaingia mtaroni, inakwenda Msimbazi. Mtaro wenyewe tuliuziba kwa nyasi za kufyeka, ambazo zingeachwa pale pale zioze zingekuwa mbolea ya bure.

Mwezi uliopita nimeng'oa mistari miwili ya pevingi kando ya ukuta, nikarudisha ukoka. Jirani alichungulia, akaniuliza kwa huruma kama hela ya kumalizia imekata.