Aligeuka, aligeuzwa, au aling'ara?

Tarehe 6 Agosti, Wakatoliki wanapoadhimisha Kung'ara kwa Bwana, baridi ya Mbeya huwa bado haijatuachia. Mwaka huu sikukuu hiyo ilinikuta darasani na wachungaji wanafunzi, tukisoma kwa Kigiriki Mathayo 17, habari ya Yesu kubadilika sura mlimani. Mmoja, mtu wa Njombe, akanyoosha mkono. "Mwalimu, nikimsomea bibi yangu 'akageuka sura yake', anashtuka."

Nilimwelewa. Miaka ya 1940 simba walikula watu wengi huko Njombe, na wengi waliamini kuwa ni simba wa kichawi. Aliyekua na hadithi hizo, akisikia mtu amegeuka sura, hatasema haleluya.

Kumbe bibi yuko upande wa Luka. Mathayo na Marko wanatumia kitenzi metamorphoo, ambacho watu wa biolojia wamekiazima kwa ajili ya kiwavi anayekuwa kipepeo. Luka hakitumii. Anasema tu kwamba, Yesu alipokuwa akisali, uso wake ulionekana wa namna nyingine. Wafafanuzi wengi hudhani aliwafikiria wasomaji wake, waliolelewa na ngano za akina Zeus, leo fahali, kesho bata maji. Biblia yetu ya Union Version ikamrudishia kilekile alichokikwepa: "sura ya uso wake ikageuka". Pole yake Luka.

Nikaandika ubaoni metemorphothe, umbo la metamorphoo lililomo katika Mathayo na Marko. Ni kauli ya kutendwa: hakujigeuza, aligeuzwa. "Akageuka" haisemi nani kafanya, na hofu ya bibi inapenya hapohapo. Basi tuseme "kung'ara" yaishe? Hapana, mimi sikubali. Kitenzi metamorphoo kimo mara nne tu katika Agano Jipya, na mara mbili kinatuhusu sisi: "mgeuzwe" katika Warumi 12:2, na "tunabadilishwa" katika 2 Wakorintho 3:18. Kwa Kiswahili tayari ni vigumu kuona kwamba ni neno moja. Ukiweka "kung'ara" mlimani, uzi unakatika kabisa.

Nikamshauri aanze na Marko 9:3, mavazi "meupe mno, jinsi asivyoweza dobi duniani kuyafanya meupe". (Marko peke yake ndiye aliyemkumbuka dobi.)

Jumatatu akarudi na majibu. Habari za simba bibi hakuzigusa. Aliuliza tu madobi wa huko walikuwa wanatumia sabuni gani.