Faili linakwenda mbio, linarudi likijikokota

Desemba watu wakirudi nyumbani Kilimanjaro na harusi zikifuatana, studio za video za Moshi hushindia kukopi faili kubwa kutoka mashine hadi mashine. Upande mmoja faili linaruka, upande wa pili linajikokota. Hapo kila mtu anageuka fundi.

Dhana: Bando ni dogo, intaneti iko chini.
Ukweli: Faili linalotoka meza hii kwenda meza ile halipiti intaneti. Linapitia swichi (kisanduku kinachounganisha mashine kwa waya) au ruta humohumo ndani. Chomoa waya wa mtoa huduma, kukopi kutaendelea.

Dhana: Waya ni mzima, si taa inawaka?
Ukweli: Hapa ndipo wengi wanapoliwa hela ya swichi mpya bure. Waya wa netiweki una nyaya nane, yaani jozi nne. Kasi ya gigabiti (megabiti 1000 kwa sekunde) inazitaka zote. Megabiti 100 inatosheka na jozi mbili, pini (vijino vya kichwani mwa waya) 1 na 2, kisha 3 na 6. Kichwa cha waya kikikrimpiwa (kikibanwa) vibaya, pini ya 4 isishike, mashine mara nyingi inashuka kimyakimya hadi megabiti 100, na taa inaendelea kuwaka. Video ya gigabaiti 40 iliyotaka dakika kama sita inakula karibu saa nzima. Zaidi ya hapo, kwenye megabiti 100 jozi moja inatuma na nyingine inapokea, hivyo jozi moja ikichubuka, unaumia zaidi upande mmoja. Fungua mipangilio ya mtandao ya Windows usome kasi: 1000/1000 au 100/100?

Dhana: Kasi ukiiweka kwa mkono inatulia kuliko auto (mashine zikikubaliana zenyewe).
Ukweli: Kadi ya mtandao ya kompyuta ikilazimishwa megabiti 100 na full duplex (kutuma na kupokea kwa pamoja) huku swichi ikiwa auto, swichi haipati jibu, inaangukia half duplex (kwa zamu). Inabaki kama redio koli za madereva wa safari Arusha: mmoja akiongea, mwingine anyamaze. Tatizo ni kwamba kadi haijui sheria hiyo, inaongea tu. Ping (kipimo cha ujumbe mdogo) itapita vizuri na kukudanganya, lakini faili kubwa litakwama. Rudisha auto pande zote mbili.

Dhana: Waifai ni sawa tu na waya.
Ukweli: Si kweli. Mashine mbili zikiwa kwenye waifai moja, data inapanda kwa ruta kisha inashuka kwa hewa ileile, hivyo kasi inagawanyika.

Dhana: Netiweki ikiwa safi, kwenda na kurudi ni kasi moja.
Ukweli: Kuna diski pia. SSD inasoma haraka, lakini diski ya zamani inayozunguka upande wa pili inaandika kwa kasi yake, na antivairasi inakagua kila kinachoingia. Pima kwa iperf3, programu ya kupima kasi kati ya mashine mbili, ambayo kwa kawaida haigusi diski. Iendeshe mara moja, kisha irudie na -R ili data igeuze njia. Namba zikilingana na ziko juu, waya uache, kamata diski. Zikipishana sana, badili waya kwanza, halafu tundu la swichi.